Kwa nini ukiugua Uholanzi unaambiwa "meza Panadol, isipopungua piga tena"?

#1 Kijiti_Enschede (mleta mada)
Wakuu salaam. Wanafunzi na wabeba boksi wa Uholanzi hii mnaijua. Homa siku ya pili, unapiga simu kwa huisarts, yule daktari wa mtaa uliyejisajili kwake. Anayepokea ni msaidizi, siyo daktari. Anakuhoji, mwisho wa yote: paracetamol gramu moja mara nne kwa siku, maji mengi, ikipita siku tatu bado homa ipo, piga tena. Damu hujatolewa, sindano hujachomwa. Na hospitali kwa mtaalamu huendi bila barua ya huyohuyo daktari wa mtaa. Kwa homa hiyohiyo Bongo ungeshachomwa kidole, umekojoa kwenye kikopo na umetoka na mfuko wa dawa.

Swali: ni ubahili wa bima, ni ubaguzi, au ndio utaalamu wenyewe? Na mtu aliyerudi kutoka likizo Tanga au Kisumu wiki mbili nyuma akashikwa na homa, anampitaje huyo msaidizi?

#2 Ngoja_Ngoja
Ubahili, nukta. Kampuni za bima ndizo zenye nchi. Kuna kitu kinaitwa eigen risico, euro 385 kwa mwaka, unalipa mwenyewe kabla bima haijagusa senti. Kila ukimwona daktari inakatwa humo.

#3 Pima_Kwanza
#2 hapo umechapia. Euro 385 ni kweli na haijapanda tangu 2016, ila kumwona daktari wa mtaa hakukatwi humo. Uzazi pia haukatwi, na watoto chini ya miaka 18 hawaguswi kabisa. Kinachokatwa ni maabara, dawa nyingi za cheti, mtaalamu na dharura ya hospitali. Kwa hiyo kipimo cha damu unachokililia ndicho kitakachokula mfuko wako.

Jambo la pili, mwanafunzi wa kigeni asiyefanya kazi hayumo kwenye bima ya lazima ya Uholanzi. Anatumia bima binafsi ya wanafunzi. Siku akianza kibarua, hata cha saa chache kwa wiki, anatakiwa ahamie bima ya lazima, na muda wa kuikata ni miezi minne. Wengi hunaswa hapo, maana barua ya faini huja kwa Kidachi na inakaa mezani bila kufunguliwa.

#4 Chapati_Kavu
Bongo huingii zahanati ukatoka bila UTI. Ukikosa UTI una typhoid. Ukikosa zote mbili, mashine imeharibika 😂

#5 NesiWaZamu
#4 unacheka lakini nusu ya jibu umeitoa. Typhoid nyingi za mtaani zinatoka kwenye kipimo cha damu cha Widal, tena kilichofanywa mara moja. Widal inashika kingamwili, na hizo anaweza kuwa nazo mtu aliyewahi kuugua zamani, aliyechanjwa, au mwenye maambukizi mengine kabisa. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu, na hicho kinataka siku kadhaa na maabara yenye vifaa. Hivyo ule "mfuko wa dawa" haumaanishi kwamba ugonjwa ulijulikana.

Huisarts naye ana kipimo chake, ila hakitoi kwa kila mtu. Mgonjwa wa kikohozi anayemtia wasiwasi humtoboa kidole na kupima CRP, protini inayopanda damuni kukiwa na maambukizi makali, jibu linatoka kwa dakika chache. Chini ya 20, antibiotiki hupati. Zaidi ya 100, unapewa. Katikati hapo anaangalia umri, pumzi na magonjwa uliyonayo. Uholanzi ni miongoni mwa nchi zinazotumia antibiotiki kidogo kuliko zote Ulaya, na wameifikia hali hiyo kwa makusudi. Mafua na homa nyingi ni za virusi, amoksilini haivigusi.

#6 Bwana_Mizani
Mimi naangalia mfuko wa daktari. Zahanati binafsi ya Dar au Nairobi inaishi kwa kipimo na dawa: usipopimwa, hawalipi pango. Uingereza kituo cha GP, yaani daktari wa mtaa wa kule, kinalipwa zaidi kwa idadi ya watu waliosajiliwa, uje usije. Akikupima vipimo kumi haongezi kitu. Uholanzi ndio hivyohivyo.

#7 Pima_Kwanza
Uholanzi siyo "hivyohivyo". Wamechanganya: kiasi fulani kila robo mwaka kwa kila aliyesajiliwa, juu yake malipo ya kila mashauriano. Nadharia yako ingekuwa kamili, angekuita kila siku.

#8 Bwana_Mizani
Anaitisha mashauriano, haitishi vipimo. Ndicho nilichosema.

#9 Daktari_Mkanda
Mnazunguka. Homa ile ile ina maana tofauti kulingana na ilipoanzia. Mtoto wa Geita mwenye homa, malaria inakaa juu kabisa ya orodha. Mtoto wa Utrecht ambaye hajavuka mpaka, malaria haimo kabisa. Daktari wa kule anautumia muda kama kipimo: virusi vingi huachia ndani ya siku tatu hadi tano, basi anasubiri aone kitakachobaki. Mfumo huo unafanya kazi vizuri kwa Mholanzi. Unamwangusha mtu mmoja tu: aliyetoka safari na hakusema.

Kwa swali la mleta mada, usianze na "najisikia vibaya". Anza hivi: "Nimerudi kutoka Tanzania tarehe fulani. Nina homa, leo asubuhi ilikuwa 39.2. Nataka kupimwa malaria leo." Nchi, tarehe, namba, ombi. Msaidizi anajaza fomu ya vipaumbele, kuanzia U1 ya kuonwa mara moja hadi U5 ya kupewa ushauri tu, na homa ya aliyetoka eneo la malaria haitakiwi kuangukia U5. Akisema usubiri siku tatu, mwombe aandike kwenye faili lako kwamba umetaja safari na amekataa kipimo. Mara nyingi hapo humwita daktari.

Usiku na wikiendi ni huisartsenpost, kituo cha madaktari wa mtaa wa zamu, na huko nako unapiga simu kwanza, hupigi hodi. Ukiona mgonjwa anachanganyikiwa, macho ya njano, mkojo kama Coca-Cola, anatapika kila anachomeza au anahema kwa shida, achana na huisarts, piga 112.

#10 Mkenya_Delft
Naongezea kwa #9, kipimajoto. Wadau wengi hawana nyumbani halafu wanaambia msaidizi "mwili unawaka". Hiyo kwake si homa. Kuanzia 38 ndiyo homa, na atauliza umepimia wapi. Nunua cha kawaida cha kidijitali, pima kabla ya kumeza paracetamol, andika saa na namba.

#11 Chapati_Kavu
Umepimia wapi tena? 👀

#12 Mkenya_Delft
Waholanzi wengi hupimia huko nyuma. Cha kwapani kinasoma chini kidogo, mwambie tu ukweli ni cha kwapani.

#13 Pwani_Tulivu
Waungwana, mbona mwajipa tabu. Mtu akienda kwao arudi na Mseto, dawa ya malaria, kwenye begi. Homa ikianza ameze, yeshe.

#14 NesiWaZamu
Ndugu yangu #13, hapo ndipo watu wanapoumia. Mseto wa mtu mzima wa kilo 35 na zaidi ni vidonge 24 kwa siku tatu: vinne mara moja, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, na umeze pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo lumefantrine, moja ya dawa zilizomo kwenye Mseto, haiingii mwilini vya kutosha. Mtu anameza vinane anapata nafuu, anaacha. Siku ya nne anarudi na homa, wadudu wamepungua damuni kiasi kwamba kwenye darubini hawaonekani, anaambiwa "huna malaria". Sasa daktari anatafuta ugonjwa mwingine huku ule wa kwanza unajipanga upya.

Tena kama safari nzima alikuwa anameza dawa ya kinga, hatakiwi kutibiwa kwa dawa ileile.

#15 Kijiti_Enschede
Asante #9 na #14. Kumbe kipimo cha haraka kikitoka hasi, nimeshapona wasiwasi?

#16 Daktari_Mkanda
Hapana. Hasi moja haitoshi. Wanatakiwa kurudia, jumla mara tatu ndani ya siku moja hadi mbili, na waangalie tone nene na tone jembamba kwenye darubini, siyo kile kijistripu peke yake. Na kuna kinyume chake: kipimo cha haraka kinachotumika sana kinashika protini ya vimelea iitwayo HRP2, ambayo hubaki damuni wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Uliyetibiwa malaria Muheza mwezi uliopita unaweza kutoka chanya Enschede huku homa yako ni mafua. Kwa hiyo sema pia ulitibiwa lini na kwa dawa gani.

Kuhusu siku: malaria kali ya falciparum haiwezi kutokea siku ya pili tangu ung'atwe, inataka kama wiki moja angalau. Nyingi hujitokeza ndani ya miezi mitatu tangu uondoke eneo lenye mbu. Aina nyingine za malaria, vivax na ovale, huweza kukaa kwenye ini zikaamka hata mwaka umepita. Na ile "mimi nimezaliwa nayo, hainiwezi" iache. Kinga ya utotoni inapungua ukikaa nje miaka.

#17 MamaK_Leicester
Hayo ya Uholanzi pole zenu. Njooni Uingereza, kila kitu bure. Unajisajili GP hata bila barua ya anwani, ukiumwa unapiga 111, namba ya ushauri wa afya, yameisha.

#18 Karani_wa_Bili
Mama K, tuweke sawa maana kuna watu watasoma hapa wakate tiketi. England kujisajili kwa GP na kumwona ni bure kwa yeyote, na kweli hawapaswi kukukataa kwa kukosa kitambulisho au anwani. Ndani ya A&E (idara ya dharura ya hospitali) pia hutozwi. Ukivuka mlango wa A&E ukalazwa wodini, au ukapangiwa kliniki ya nje, hapo viza yako ndiyo inayoongea.

Mwenye viza ya zaidi ya miezi sita alishalipa ada ya afya wakati wa kuomba: pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, wanafunzi na walio chini ya miaka 18 pauni 776. Ilianza 2015 ikiwa 200, mtaona imepandaje. Huyu anatibiwa kama mwenyeji. Mgeni wa miezi sita, yule mama aliyekuja kulea mjukuu, hajalipa, kwa hiyo hospitali inamtoza asilimia 150 ya bei ya NHS, huduma ya afya ya umma. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kubadilishana matibabu na Uingereza. Matibabu ya haraka hayazuiwi kwa kukosa pesa, lakini bili inamfuata. Yasiyo ya haraka, unalipa kwanza. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili linaweza kufika uhamiaji na viza ijayo ikakataliwa.

Uzazi umo humohumo: hawamfukuzi mjamzito, ila anatozwa.

#19 Pima_Kwanza
#18 umesahau kubwa kuliko yote kwenye uzi huu. Malaria imo kwenye orodha ya magonjwa yasiyotozwa kwa yeyote, pamoja na kifua kikuu, VVU, kipindupindu na typhoid. Kipimo na tiba, hata kwa mgeni wa wiki mbili, na hata kama jibu litatoka hasi. Wakikuta ni kitu kingine kisichomo kwenye orodha, mita inaanza kuhesabu kutoka hapo.

#20 Karani_wa_Bili
Nakazia. Ndiyo maana mgeni mwenye homa asijifiche nyumbani kwa kuogopa bili.

#21 Chapati_Kavu
Na UTI je? Tusiidharau, ni urithi wa taifa.

#22 MamaK_Leicester
😂 UTI ya kawaida kwa mwanamke wa miaka 16 hadi 64 siku hizi England unamalizana na mfamasia. Tangu 31 Januari 2024 mfamasia anatibu vitu saba bila GP: hiyo UTI, koo, sikio, sainasi, mkanda wa jeshi, kuumwa na mdudu kukaingia maambukizi, na impetigo ya ngozi. Dawa ya cheti ni pauni 9.90 kila aina. Scotland na Wales hulipi. Mjamzito au mwenye homa na maumivu ya kiuno, huyo anapelekwa kwa daktari.

#23 Boksi_la_Ohio
Mkilia na Panadol njooni Marekani muone mwisho wa pili. Huku ukiingia chumba cha dharura unapimwa mpaka kope. Sheria ya 1986 inailazimisha hospitali yenye idara ya dharura ikuangalie na ikutulize hali, una bima huna. Haisemi bure. Ziara moja inazaa bahasha tatu: ya hospitali, ya daktari, ya msoma picha. Kliniki ndogo za urgent care si sehemu ya sheria hiyo, zinaweza kudai pesa mlangoni, ila kwa koo au jeraha dogo ni nafuu mara nyingi zaidi.

Bahasha ikija usilipe siku hiyohiyo. Omba mchanganuo wa kila kitu kilichoandikwa, mstari kwa mstari, na ulinganishe na ulichofanyiwa. Kisha omba fomu ya msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa kuwa na sera hiyo na kuipokea fomu hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka. Hawaikumbushi kwa sauti kubwa. Tangu Januari 2022 kuna sheria ya kuzuia bili za kushtukiza kwa wenye bima, lakini gari la wagonjwa la barabarani halimo, na hilo ndilo linalouma.

Wa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana: bima yako lazima ifike dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kusafirishwa ukiwa mgonjwa, 25,000 za kurudisha mwili, na kiasi unachojilipia mwenyewe kisizidi dola 500.

#24 Bwana_Mizani
Mnaona? Anayelipwa kwa kipimo anapima, anayelipwa kwa kichwa anakupa Panadol. Nimemaliza.

#25 Mjerumani_Mweusi
Hujamaliza. Ujerumani daktari wa bima ya umma kwa sehemu kubwa analipwa kwa robo mwaka, na bado huku mtu anakwenda moja kwa moja kwa daktari wa ngozi au wa macho bila barua, damu anatolewa bila mabishano. Tofauti ni lango. Waholanzi na Waingereza wameweka mlinzi mlangoni, Wajerumani mlango uko wazi.

Mgeni wa viza ya Schengen huku: bima yako ya angalau euro 30,000 ni ya dharura tu. Daktari anakuandikia bili ya kibinafsi kwa GOÄ, jedwali la bei za madaktari, kawaida mara 2.3 ya bei ya msingi, unalipa wewe halafu unadai. Bima nyingi hukataa dai kwa sababu mbili: bili haina jina la ugonjwa, au ulilazwa bila kupiga ile namba ya msaada iliyo nyuma ya kadi. Usiku piga 116 117, siyo 112, kama si ya kufa. Na paracetamol huikuti supamaketi, ni duka la dawa tu, na pakiti ya zaidi ya vidonge 20 vya mg 500 inataka cheti.

#26 Ngoja_Ngoja
Na ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika kazini? Kwa Panadol hiyo bosi anakubali vipi kwamba unaumwa?

#27 Mjerumani_Mweusi
Ujerumani, ukizidi siku tatu lazima uwe na cheti cha daktari, mwajiri anaweza kukitaka hata mapema.

#28 MamaK_Leicester
Uingereza siku saba za kwanza unajiandikia mwenyewe.

#29 Mkenya_Delft
Uholanzi huisarts haandiki ED kabisa, usimwombe. Unampigia bosi asubuhi, unasema unaumwa, na haruhusiwi kuuliza ugonjwa gani. Anayeamua kama unaweza kazi ni daktari wa kampuni. Mshahara angalau asilimia 70, na wajibu huo wa mwajiri unaenda mpaka miaka miwili. Labda ndiyo sababu nyingine hawana haraka ya dawa: mtu ana nafasi ya kulala. Kibarua wa Gikomba akilala siku tatu nyumba haili, lazima achomwe sindano arudi kazini.

#30 Daktari_Mkanda
#29 hiyo sijaiona ikisemwa humu na ina uzito.

#31 Damu_Nusu
Samahani kuwatoa nje kidogo. Mwenye selimundu asisubiri foleni ya maswali. Madaktari wengi wa mtaa Ulaya hawajamwona mgonjwa wa selimundu mwaka mzima, wanaweza kudhani unatafuta dawa kali. Neno la kwanza ni ugonjwa wako, la pili ni homa au maumivu. Mwongozo wa England unataka dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu ufike. Tembea na barua ya kliniki yako: aina ya selimundu, himoglobini yako ya kawaida, hydroxyurea mg ngapi, chanjo ulizopata, dawa ya maumivu inayokufaa na kiasi. Kwa hili la maumivu ya Mwafrika kutosadikiwa, mleta mada alipouliza ubaguzi mmemruka haraka sana.

#32 Pima_Kwanza
Hatujamruka, ila kwa homa ya mafua hata Waholanzi kina Jan na Anneke wanapewa paracetamol ileile. Kwa maumivu, nakubaliana nawe.

#33 Pwani_Tulivu
Na wanaokuja huku Ghuba wasibebe dawa kiholela. Tramadol na zenye codeine, Imarati ni dawa za kudhibitiwa. Omba ruhusa ya wizara mtandaoni kabla ya kupanda ndege, na ubebe cheti chenye jina lililo kwenye pasi. Dawa ya kikohozi ya dukani Mombasa huenda ina codeine. Soma ubavuni mwa chupa.

#34 Kijiti_Enschede
Shukrani wote. Moja la haraka: mzazi anakuja miezi mitatu, anameza dawa za presha. Abebe za kutosha au zitapatikana?

#35 NesiWaZamu
Abebe za siku zote pamoja na wiki mbili za akiba, nusu kwenye begi la mkononi, zote ndani ya paketi zake. Barua iandikwe jina la dawa yenyewe na kipimo, mfano amlodipine mg 5 mara moja kwa siku, siyo jina la kampuni, kwa sababu jina la paketi ya Kariakoo mfamasia wa Enschede halijui. Na mweleze huisarts wako mapema kwamba una mgeni. Si kila mmoja anampokea mgeni, atakayempokea atataka alipe papo hapo.

#36 Chapati_Kavu
Na Panadol asibebe, huko zipo 😂